Mlima Uliovuka Bahari: Mahekalu ya Kijaini, Shatrunjaya na Mombasa

Mkazi wa Uvira hahitaji kufafanuliwa haiba ya mlima: safu ya Mitumba imesimama nyuma yake, Ziwa Tanganyika limelala mbele yake. Kwa Wajaini wa Gujarati, nchini India, mlima mtukufu ni Shatrunjaya, karibu na mji wa Palitana. Mahekalu yake yalianza kujengwa katika karne ya 11, yakabomolewa na majeshi ya Delhi mwanzoni mwa karne ya 14, kisha yakainuliwa upya. Leo yanahesabiwa kwa mamia. Mwenye kuhiji hupanda ngazi zaidi ya 3,000, na jioni hushuka, kwani ni mwiko kulala kileleni.

Wafanyabiashara wa Kijaini walipohamia Afrika ya Mashariki, mlima huo haukubebeka. Je, walikuja mikono mitupu? La. Katika usanifu wa Kihindi mnara wa hekalu huitwa shikhara, maana yake kilele cha mlima. Hekalu lao la Mombasa, la mwaka 1963, limejengwa mahali tambarare, lakini paa lake limechongoka vilele. Wahenga walinena kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Hapa binadamu waliohama waliuhamisha mlima kwa kulihifadhi umbo lake.