Ajali ya Ndege ya Voi ya 1931: Hadithi Ilipochukua Nafasi ya Uchunguzi

Asubuhi ya Mei 14, 1931, ndege ndogo aina ya Gipsy Moth yenye nambari ya usajili G-ABAK iliruka kutoka kiwanja cha Voi, ikazunguka mara mbili, ikaporomoka na kuwaka moto. Waliokuwamo wote wawili walikufa: rubani na mwenye ndege, Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyejulikana kwa kuwaongoza matajiri katika safari za uwindaji, na mtumishi wake Mkikuyu aliyeitwa Kamau. Chanzo cha ajali hiyo hakikuwahi kubainishwa. Zaidi ya miaka tisini imepita, na ajali yenyewe inafahamika kote duniani, ila inafahamika kama mwisho wa kisa cha mapenzi. Hilo ndilo tatizo. Ajali isiyopatiwa chanzo haibaki wazi. Hujazwa na hadithi, na hadithi haimwokoi rubani anayefuata.

Tuanze na yanayojulikana. Finch Hatton alikuwa ameruka hadi pwani, akageuka kuja Voi kutafuta tembo kutoka angani, jambo lililokuwa geni katika uwindaji wa wakati huo. Waandishi wa wasifu wake husimulia kwamba alipotua pwani, kipande cha tumbawe kiliruka na kumega rafadha, ikabidi aletewe nyingine kutoka Nairobi. Gipsy Moth ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa, yenye injini moja ya nguvu za farasi mia hivi, na tangi lake la mafuta lilikaa katikati ya bawa la juu, mbele ya vichwa vya waliopanda. Kutokana na hayo, mchunguzi angekuwa na maswali ya kuanzia. Je, rafadha ilifungwa sawasawa, au mtikisiko wa awali uliidhuru injini? Je, rubani alikata kona kali akiwa chini na mwendo mdogo, mabawa yakakosa nguvu ya kuibeba ndege? Voi iko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, kuna joto, na milima ya Taita na Sagalla iko jirani. Je, hewa nyepesi na upepo wa milimani vilichangia? Kila swali lina jibu lake la kiufundi, na kila jibu lingeacha onyo tofauti kwa marubani wengine.

Badala ya majibu hayo tulipata fasihi. Karen Blixen, aliyempenda Finch Hatton, aliandika juu ya kifo chake katika kitabu cha 1937, na filamu iliyotokana na maandishi yake ikatoka mwaka 1985 na kuzoa tuzo saba za Oscar. Beryl Markham, rubani mwenyewe, alieleza katika kitabu chake cha 1942 jinsi mwalimu wake wa urubani, Tom Campbell Black, alivyomsihi asiende Voi katika safari ile. Simulizi hilo limerudiwa mara nyingi kama ushahidi wa machale. Lakini machale, hata yakitimia, hayasemi lolote kuhusu injini, bawa wala mwendo wa ndege. Hadithi ina hasara nyingine pia: huchagua nani wa kukumbukwa. Finch Hatton ana kaburi mashuhuri katika vilima vya Ngong. Kamau, aliyekufa katika moto uleule, hutajwa kwa jina moja na kupitwa. Ripoti ya uchunguzi, kwa ukavu wake wote, ingelazimika kuwahesabu wote wawili kwa uzito sawa.

Wapo watakaosema kwamba tunaudai mwaka 1931 kwa vigezo vya leo: ndege iliteketea, na ujuzi haukuwapo. Hoja hiyo haisimami. Oktoba 5, 1930, chombo kikubwa cha anga cha Uingereza, R101, kilianguka karibu na Beauvais, Ufaransa, kikateketea na kuua watu 48. Pamoja na moto huo, tume iliyoongozwa na John Simon ilisikiliza ushahidi na kutoa ripoti mwaka uliofuata. Na kama mtu atasema kwamba R101 ilikuwa fahari ya dola, iko Junkers F13 iliyovunjikia hewani huko Meopham, Kent, Julai 21, 1930, ikiwa na watu sita tu. Wachunguzi walipima mabaki, wakafanya majaribio, wakahitimisha kwamba hewa iliyovurugika nyuma ya bawa iliutikisa mkia hadi ukashindwa. Ripoti yao ilitolewa hadharani mapema mwaka 1931, kabla ya ajali ya Voi. Ujuzi ulikuwapo, na Voi yenyewe ilikuwa stesheni kwenye reli ya kutoka Nairobi, ambako kampuni ya Wilson Airways ilikuwa ikifanya kazi tangu 1929.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba ndege ya mtu binafsi ni hatari aliyojichagulia mwenyewe, na serikali haina sababu ya kutumia fedha kuichunguza. Lakini abiria hana usukani, na Kamau hakuwa rubani. Aidha, kazi aliyofia Finch Hatton haikukoma, iligeuka. Katika eneo hilohilo, ambalo mwaka 1948 lilitengwa kuwa hifadhi ya Tsavo, ndege ndogo sasa zinaruka chini kuwahesabu tembo na kuwasaka majangili. Rubani anayekata kona akiwa chini, macho yakiwa ardhini kutafuta wanyama, anakabiliwa na hatari ileile ya 1931. Anayewajali tembo wa Tsavo hana budi kumjali anayeruka juu yao.

Kisheria, somo hili limeshaeleweka. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, kilichopitishwa mwaka 1951, sasa kinaagiza kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa. Nchini Kenya kazi hiyo ni ya idara ya uchunguzi wa ajali za ndege. Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo ilipogongana na Dash 8 ya Safarilink jijini Nairobi na kuua watu wawili waliokuwa ndani ya Cessna, idara ilitoa ripoti ya awali iliyosomwa na umma. Hayo ni maendeleo makubwa. Kilichosalia ni kuzitoa ripoti hizo mikononi mwa wataalamu peke yao. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Basi kila ripoti ya ajali, hata ya ndege ya viti viwili, iambatane na muhtasari wa Kiswahili ambao mkazi wa Voi, Mwatate au Taveta anaweza kuusoma na kuuhoji. Wizara ya uchukuzi inaweza kuanza na ripoti ijayo.