Zabibu ya Loire na Kamba wa Rufiji

Mto Loire ndio mrefu kuliko mito yote ya Ufaransa, wenye urefu wa takriban kilomita 1,000, nao humwaga maji yake katika Bahari ya Atlantiki chini ya mji wa Nantes. Katika mikoa ya Anjou na Touraine, kando ya mto huo, hulimwa zabibu nyeupe iitwayo Chenin Blanc. Kwa kuwa hali ya hewa huko ni ya ubaridi, zabibu huiva polepole na uchachu wake haupotei. Wenyeji waliunywa mvinyo wa zabibu hiyo pamoja na samaki wa mto na chaza wa pwani, na karibu na Nantes wakazoea kumwagia samaki mchuzi mzito wa siagi.

Katika karne ya 17 wafanyabiashara wa Kiholanzi walifika Loire kununua mvinyo mweupe. Waholanzi pia walipanda mizabibu yao ya kwanza katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1655, na baadaye Chenin ikaenea Afrika Kusini kuliko hata kwao Ufaransa.

Kwa nini mvinyo wa namna hii hufaa samaki? Wapo wanaosema ni jiografia tu: watu hunywa kinachotoka jirani na wanachokula, kisha desturi hugeuka kanuni. Wengine hutaja kemia. Mwaka 2009 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba madini ya chuma, ambayo mara nyingi huwa mengi zaidi katika mvinyo mwekundu, huamsha shombo mdomoni mtu anapokula vyakula vya baharini. Jiografia yaeleza vizuri jinsi desturi ilivyoanza, lakini haielezi kwa nini imedumu mbali sana na Loire. Kwangu mimi, sababu yenye nguvu zaidi ni uchachu, kwa sababu hukata mafuta na kuuacha utamu wa samaki usikike.

Huku kwetu Tanzania mzabibu ulishika mizizi bara. Wamisionari Wakatoliki wa shirika la Wapassionisti kutoka Italia walifanya kazi Dodoma tangu miaka ya 1930, na kanisa lilihitaji divai ya Misa. Kilimo hicho kilianzia misheni, Bihawana ikiwa miongoni mwa mahali pake pa mwanzo, kisha kikaenea kwa wakulima na kufika Hombolo na Makutupora. Ukame wa Dodoma, ambao huwatesa wakulima wa mahindi, huupunguzia mzabibu maradhi ya ukungu, na shamba linalotunzwa vizuri huvunwa mara mbili kwa mwaka. Leo Chenin Blanc nayo hulimwa huko.

Chakula kinachoufaa mvinyo huo kipo pwani, kwenye delta ya Mto Rufiji. Kamba hutaga baharini, na wadogo wao huingia katika mikoko ya delta, ambayo ni msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake Afrika Mashariki, wakakulia humo kabla ya kurudi baharini. Kwa miongo kadhaa meli za kukokota nyavu ziliwavua nje ya delta, nao wakasafirishwa wakiwa wamegandishwa hadi nchi za nje. Kufikia 2008, kamba walipokuwa wamepungua, serikali ilikuwa imesimamisha uvuvi huo wa meli, na wavuvi wadogo wakabaki na kazi yao.

Kwa hiyo kamba wa Rufiji aliyeuzwa Ulaya aliweza kukutana mezani na mvinyo mweupe. Lakini kwetu Mbwara, huko huko Rufiji, hali ni tofauti. Watu wengi huku ni Waislamu na hawanywi pombe, na wapishi walipata uchachu kwa njia nyingine, ya zamani zaidi kuliko misheni yoyote. Biashara ya Bahari ya Hindi ilileta ndimu kutoka Asia. Nazi ilistawi pwani. Ukwaju na embe vilikuwa karibu. Tui la nazi ni zito na lenye mafuta kama ule mchuzi wa siagi wa Nantes, na ndimu inayokamuliwa sufuria ikishaepuliwa hufanya kazi ile ile ya Chenin. Anayetaka kuuonja mvinyo wa Dodoma kwa kamba wa nazi achague mkavu ikiwa mchuzi hauna pilipili, na wenye utamu kidogo ikiwa pilipili ni kali, kwa sababu utamu hutuliza ukali huo. Kamba akishachomwa kwa chumvi na ndimu nyingi, mvinyo hauna cha kuongeza.