Benidorm: mji wa wavuvi ulioamua kwenda juu

Kabla ya kujulikana kwa hoteli, Benidorm ilijulikana kwa jodari. Mji huu wa mkoa wa Alicante, mashariki mwa Hispania, ulipewa hati ya kuanzishwa mwaka 1325 na bwana mmoja aliyeitwa Bernat de Sarrià. Kwa karne nyingi wakazi wake walibanana juu ya mwamba unaochomoza baharini, Levante ikiwa ufukwe wa upande mmoja na Poniente upande wa pili. Mvua ni haba huko, na shamba halikutosha kulea familia. Riziki ilikuwa baharini.

Wanaume wa Benidorm walikuwa mafundi wa almadraba, mtego mkubwa wa nyavu unaotiwa nanga karibu na pwani majira jodari wanapopita. Samaki akikutana na ukuta wa nyavu huufuata, akaingia chumba kimoja baada ya kingine, hadi kile cha mwisho chenye wavu hata chini. Hapo mashua hukizunguka, wavu huvutwa juu kwa mikono, na maji hugeuka povu kwa mikia ya samaki ambao baadhi yao ni wazito kuliko wavuvi wenyewe. Mwenye amri ni arráez, nahodha wa mtego, ambaye lazima ausome mkondo na upepo kabla nanga ya kwanza haijashuka. Manahodha wa Benidorm walitafutwa na wenye mitego sehemu nyingine za Hispania, na hata kaskazini mwa Afrika. Lakini samaki walipungua, na mwaka 1952 almadraba ya Benidorm yenyewe ikafikia mwisho wake.

Wakati huo meya alikuwa Pedro Zaragoza Orts, mwanamume kijana aliyeona kwamba mji wake ulibakiwa na jua, mchanga na bahari tulivu. Wageni wachache walikuwa wameanza kuja, na baadhi ya wanawake wa kigeni walivaa bikini, vazi ambalo serikali ya dikteta Franco na Kanisa havikutaka kulisikia. Zaragoza akaliruhusu, na akatishiwa kutengwa na Kanisa. Husimuliwa kwamba alipanda pikipiki yake aina ya Vespa alfajiri, akaenda mpaka Madrid kumweleza Franco mwenyewe, na akarudi akiwa amekingiwa kifua.

Hadithi hiyo ndiyo inayopendwa, nami naielewa, lakini kazi kubwa ya Zaragoza ilikuwa ya mezani. Mwaka 1956 Benidorm ilipitisha mpango wa ujenzi wa mji mzima, wenye barabara pana, wakati miji mingi ya pwani ilijijengea ovyo. Mwaka 1963 ukarekebishwa: mjenzi aliruhusiwa kupanda juu apendavyo, mradi aache ardhi wazi kuzunguka jengo, kwa ajili ya miti, mabwawa ya kuogelea na upepo wa bahari. Maghorofa yakaanza kuota. Uwanja wa ndege wa El Altet ulipofunguliwa karibu na Alicante mwaka 1967, wafanyakazi wa viwanda wa Uingereza waliweza kununua safari nzima, ndege na chumba pamoja, kwa bei waliyoimudu. Nayo maghorofa yakazidi kupanda: hoteli ya Gran Hotel Bali, iliyofunguliwa mwaka 2002, ina urefu wa mita 186.

Wapo wanaoidharau Benidorm kwa kuiona msitu wa zege. Sikubaliani nao hata kidogo. Watu wale wale wakitawanywa katika nyumba za bustani wangemeza kilomita nyingi za pwani, na kila bustani ingedai maji. Benidorm inajua thamani ya maji: katika ukame wa mwaka 1978 yaliletwa kwa meli. Baadaye mji na wakulima wa bonde lake wakajenga utaratibu ambao hadi leo unapendeza: maji machafu ya mji husafishwa na kwenda kumwagilia mashamba, nao wakulima huuachia mji sehemu ya maji yao matamu.

Mvuto wake basi ni upi? Kwanza ni ukaribu. Mgeni hutoka hotelini kwa miguu, akakanyaga mchanga, akala, akacheza muziki na kurudi kulala bila kuhitaji gari. Juu ya mwamba wa zamani kanisa la San Jaime lingali na kuba zake za buluu, na nyuma ya mji Puig Campana, mlima unaozidi mita 1,400, unaonyesha kilele chenye pengo kama jino lililong'oka. Pili ni kwamba mji haufungi milango msimu wa baridi. Tangu katikati ya miaka ya 1980 serikali ya Hispania huchangia gharama za likizo za wastaafu, nao hujaza vyumba miezi ambayo hoteli nyingi za pwani nyingine hufungwa. Kwa hiyo mpishi na mtandika vitanda wa Benidorm wana nafasi ya kupata mshahara hata Januari, jambo ambalo babu zao wavuvi, waliosubiri msimu wa jodari, hawakuwa na uhakika nalo.