Maji, wala si maradhi, ndiyo huwaua samaki wengi wa tangi

WENGI wanaoanza kufuga samaki wa mapambo hupitia mkasa mmoja. Jumamosi tangi la kioo hununuliwa pamoja na samaki kumi au kumi na wawili. Maji ya mfereji hutiwa, samaki huingizwa jioni hiyo hiyo, na watoto hukataa kwenda kulala kwa kuwatazama. Kufikia katikati ya wiki, samaki huanza kupanda juu na kuhema. Wiki ya pili ikiisha, aghalabu huwa wamebaki wawili au watatu.

Lawama humwangukia muuzaji, kwamba ameuza samaki wagonjwa. Huenda ikawa kweli, lakini mara nyingi samaki hao walikuwa wazima walipotoka dukani. Kilichowaua ni maji yaliyoonekana maangavu.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake kila anapopumua. Chakula kinachobaki chini na kuoza huzalisha zaidi. Mtoni amonia hiyo huchukuliwa na mkondo na kupungua nguvu, lakini katika tangi lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kimo cha 30, ambalo hubeba takriban lita 54, haina pa kwenda. Huunguza matamvua, na samaki hukosa pumzi ilhali yumo majini.

Kinga ni bakteria. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa ni kidogo, na ambayo mimea ya majini huitumia kama mbolea. Bakteria hao huishi hasa kwenye sponji ya kichujio na juu ya changarawe. Katika tangi jipya huwa wachache mno, na huchukua kati ya wiki nne na sita kuongezeka kiasi cha kutosha.

Kwamba tangi ni lazima liwe na uwiano wake si habari ngeni. Mnamo 1850, mwanakemia Mwingereza Robert Warington alichapisha maelezo ya jaribio lake la kuweka samaki, mimea na konokono pamoja katika chombo kimoja, kila mmoja akimfaa mwenzake. Miaka mitatu baadaye, bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma.

Mfugaji mwenye subira basi huwasha kichujio kabla ya kununua samaki hata mmoja. Hutia chembe chache za chakula cha samaki kila siku mbili, zikaoza na kuwapa bakteria riziki. Aliye na rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima anaweza kuomba kipande cha sponji kutoka kwenye kichujio chake, na siku za kungoja zikapungua sana. Vipimo vya amonia na nitriti huuzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Vyote viwili vikisoma sufuri, na nitrati ikaonekana, tangi liko tayari. Hata hapo samaki huingizwa wachache wachache, kila kundi baada ya wiki moja au mbili, ili bakteria waende sambamba na kazi mpya.

Maji yenyewe hutofautiana. Ya mfereji hutiwa klorini, ambayo huwadhuru samaki na bakteria vilevile, ingawa ikiwa ni klorini ya kawaida hutoweka maji yakiachwa kwenye ndoo wazi kwa siku moja au mbili. Maji ya Nairobi yatokayo bwawa la Ndakaini, chini ya milima ya Aberdare, hayana madini mengi. Yale ya visima vya Pwani vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe yana chokaa tele. Tofauti hiyo huamua ni samaki gani atakayestawi. Neoni, samaki mdogo wa Amazon mwenye mstari wa buluu unaometa, hupenda maji ya aina ya kwanza. Gapi, moli na plati huyapendelea ya pili. Isitoshe, Nairobi usiku wa Julai huwa na baridi kali, nao samaki hawa huhitaji nyuzijoto kati ya 24 na 26, hivyo kifaa cha kupasha maji joto ni cha lazima. Mkazi wa Mombasa anaweza kufanya bila hicho.

Tangi la lita 54 linatosha neoni wanane na koridora sita. Koridora ni kambare wadogo wenye sharubu ambao hutembea chini wakitafuta makombo, ila wasitegemee makombo peke yake. Aina zote mbili huishi kwa makundi, na akiwekwa mmoja au wawili hujificha na kudhoofika. Anayetaka rangi zaidi anaweza kuongeza gapi watatu, madume watupu. Jike la gapi huzaa takriban kila mwezi, na linaweza kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa, kwa hiyo hata likinunuliwa peke yake huenda likajaza tangi.

Si kila samaki mzuri hufaa kuchanganywa. Samaki malaika, mwenye mapezi marefu, hukua na kuwameza neoni. Samaki wa dhahabu huchafua maji mno na hupenda baridi. Fulu wa Ziwa Victoria, ambao jamii zao nyingi zilitoweka baada ya mbuta kuletwa ziwani katika miaka ya 1950, wana rangi za kuvutia lakini madume hupigania mipaka bila huruma. Wanastahili tangi lao wenyewe.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Robo ya maji hubadilishwa kila wiki, na chakula huwa kile kinachomalizwa kwa dakika mbili. Kosa linalorudiwa sana ni kuosha sponji ya kichujio kwa maji ya mfereji hadi ing'are. Klorini huwaua bakteria, na tangi hurudi siku ya kwanza. Sponji husukwasukwa katika maji yaliyotolewa tangini, basi.

Wanaozidiwa na watoto wa gapi wasiwamwage mtoni au bwawani, kwani samaki wa kigeni wakishazoea hawatoki. Muuzaji huenda akawachukua.

Umeme ukikatika, pampu husimama na oksijeni hupungua. Kwa saa chache samaki hawadhuriki. Ukikawia, mfugaji huchota maji kwa kikombe na kuyamimina tena tangini kutoka juu, mara kwa mara, na huacha kuwalisha hadi stima irudi.