Kwa nini mtoto mwenye utapiamlo mkali halishwi hadi ashibe siku ya kwanza

Umefika Bujumbura na mtoto aliyekonda baada ya safari ndefu kutoka Uvira au Fizi. Jirani wa Buyenzi analeta uji, mwingine ugali na ndagala. Nia ni njema. Lakini kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, chakula kingi cha ghafla kinaweza kusimamisha moyo. Sababu iko ndani ya seli zake.

Kila seli inayohitaji nguvu nyingi ina mitokondria, vyombo vidogo sana vinavyochoma sukari na mafuta kwa kutumia oksijeni na kutengeneza nishati iitwayo ATP. Chakula kinapopungua, seli haisubiri mpaka iishiwe kabisa. Ina kimeng'enya kiitwacho AMPK, ambacho ni kama mama anayechungulia mfuko wa unga kila jioni: kikiona ATP inashuka, kinasimamisha ukuaji na kuamuru mafuta ya akiba yachomwe. Mitokondria zilizochakaa huvunjwa na vipande vyake kutumiwa tena. Nyingine huungana na kuwa ndefu kama nyuzi. Mwaka 2011 watafiti walionyesha kwamba zikiwa ndefu hivyo huponyoka, hazivunjwi, na huendelea kutoa nishati.

Kubana matumizi kuna gharama. Pampu za seli zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu hula nishati nyingi, kwa hiyo nazo hupunguzwa. Sodiamu hujaa ndani, potasiamu hupotea. Moyo na figo hufanya kazi kidogo, mwili hupoa, sukari ya damu hushuka kwa urahisi. Mtoto anaweza kuonekana mtulivu tu, kumbe amefikia hapo.

Kwenye bwaki hali ni mbaya zaidi. Mwaka 2016 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha matokeo ya panya wachanga waliolishwa chakula chenye protini kidogo mno: ini lilijaa mafuta, mitokondria zake zikaharibika na ATP ikapungua. Panya si mtoto, na chanzo cha bwaki si protini peke yake, lakini ini lenye mafuta huonekana pia kwa watoto wenye bwaki.

Sasa mletee mtoto huyo sahani iliyojaa. Sukari inaingia kwenye seli kwa kasi na kuvuta fosfati, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu. ATP yenyewe haitengenezwi bila fosfati. Damu ikiishiwa madini hayo, moyo hupoteza mdundo wake.

Ndiyo maana hospitali huanza na maziwa ya F-75, yenye kilokalori 75 kwa mililita 100 na protini kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku pia. Usidhani muuguzi anamnyima mtoto wako. Hata dawa ya madini ya chuma huwekwa kando mwanzoni. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo chakula huongezwa hatua kwa hatua.

Mpeleke mtoto wa miezi 6 hadi 59 kituo cha afya mara moja ikiwa utepe wa mkono unaonyesha rangi nyekundu, yaani chini ya milimita 115, au ukibonyeza miguu yake yote miwili kwa sekunde tatu na shimo likabaki. Njiani mfunike, mkumbatie kifuani apate joto, na endelea kumnyonyesha.

Mtoto asiye na matatizo mengine na mwenye hamu ya kula hutibiwa nyumbani kwa siagi ya karanga yenye virutubisho, kama Plumpy'Nut. Pakiti moja ina kilokalori 500 hivi. Mpe kidogo kidogo, na maji safi ya kunywa pembeni. Tunajua ni vigumu ndugu zake wakiwa wamekaa wanatazama, lakini pakiti hiyo ni dawa yake yeye, usiigawe.