Vygotsky Si Swali la Mtihani Tu

Uliza mtu yeyote anayesomea ualimu hapa Kenya kuhusu Vygotsky. Atakuambia, "Ah, yule msee wa ukanda wa ukuaji wa karibu," atakupa maana ya mistari miwili aliyokariri usiku wa mtihani, halafu mambo kwisha. Jina limebaki kwa noti. Mimi naona ni hasara, juu huyu jamaa alikuwa na hoja kali sana kuhusu nani anafaa kukaa darasani, na karibu miaka mia baadaye bado tunaizunguka.

Lev Vygotsky alizaliwa mwaka 1896 huko Orsha, sehemu ambayo leo ni Belarus, akakulia mji wa Gomel. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, na chini ya Tsar wa Urusi, Myahudi hakuingia chuo kikuu hivi hivi. Kulikuwa na kiwango: pale Moscow, Wayahudi wasizidi asilimia 3 ya wanafunzi. Kijana alijipanga, akamaliza sekondari na medali ya dhahabu, ambayo ndiyo ilikuwa tiketi ya kupata moja ya hizo nafasi chache. Halafu mwaka 1913, wakati zamu yake imefika, serikali ikabadilisha sheria. Sasa Wayahudi wangechaguliwa kwa kura, yaani bahati nasibu. Medali yako kaa nayo.

Jina lake likatoka. Hebu wazia kama halingetoka.

Alisoma sheria, huku moyo wake uko kwa fasihi na tamthilia, kisha 1917 akarudi Gomel kufundisha. Na hakurudi kwa amani. Kulikuwa na mapinduzi, vita vya wenyewe kwa wenyewe, halafu njaa ya 1921 hadi 1922. Watoto wasio na wazazi walijaa vituo vya treni na mitaa. Nyumbani kwake kifua kikuu kiliingia; mdogo wake akafa, na yeye mwenyewe akaambukizwa akiwauguza watu wake. Kutoka hapo kila kitu alichoandika alikiandika akijua muda unakimbia.

Januari 1924 alisimama mbele ya kongamano la wanasaikolojia huko Petrograd, mwalimu wa mkoani ambaye hakuna mtu alikuwa anamjua. Alivyoongea, wakamuita Moscow. Mwaka huo huo akaanza kazi katika wizara ya elimu ya Wasovieti, upande wa watoto viziwi, vipofu na wale walioitwa wagumu wa kuelewa. Taaluma yenyewe iliitwa defektolojia. Ndio, "elimu ya kasoro". Jina peke yake linauma, na yeye pia alilitumia, tusimpake rangi ya malaika.

Lakini kile alichokifanya ndani ya hiyo taaluma ndicho kimenifanya niandike hii posti. Kawaida ya wakati huo ilikuwa kuhesabu kinachokosekana. Huyu hana macho, toa. Huyu hana masikio, toa. Ukimaliza kutoa, kinachobaki ndicho mtoto. Vygotsky akakataa hiyo hesabu. Akasema mtoto aliyezaliwa kipofu haishi ndani ya giza vile wewe unayeona unavyofikiria ukifunga macho. Yeye anaishi tu. Upofu unakuwa mzigo akikutana na watu wengine, na vitu vyao, na kitabu kilichoandikwa kwa wino, na mwalimu anayeandika ubaoni bila kusema neno. Kasoro ya mwili iko, sawa, hakuikana. Ila alisema uzito wake unatoka kwa jamii. Herufi zetu na vitabu vyetu na madarasa yetu yametengenezwa kwa mwili wa aina moja, halafu tunamlaumu mtoto ambaye hakuletwa na huo mwili.

Aliandika pia kwamba nukta za Braille zimewasaidia vipofu kuliko maelfu ya watoa sadaka. Soma hiyo tena polepole, hasa kama umewahi kuona mwanasiasa akipiga picha na mtu kwenye kiti cha magurudumu.

Mimi navaa miwani. Nikiivua, ubao unakuwa mawingu. Hakuna mtu amewahi kunitafutia shule ya wasioona vizuri, kwa sababu jamii ilishaamua kwamba macho kama yangu ni shida ya duka la miwani. Macho mabovu zaidi kidogo tu, na ningekuwa naongelewa kama mradi wa msaada.

Sasa msikimbie kusema alitaka shule zote maalum zifungwe. Alizikosoa vikali kwamba zinamfungia mtoto kwenye kijidunia kidogo ambapo kila kitu kimepangwa kuzunguka kasoro yake, badala ya kumtoa aingie maishani. Lakini hakuwahi kusema mtupe kiziwi darasani na umuachie Mungu. Malengo yawe yale yale ya watoto wote, njia za kufika ziwe tofauti, hiyo ndiyo ilikuwa lugha yake. Na hata mawazo yake yalisonga. Mwaka 1925 alienda London kwa mkutano kuhusu elimu ya viziwi, na miaka hiyo bado alikuwa upande wa wanaotaka kiziwi afundishwe kutamka kwa mdomo. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 alikuwa ameona gharama yake, jinsi mazoezi ya kutamka yanavyokula utoto mzima, na akatetea lugha ya ishara.

Twende kwa ule ukanda basi. Watoto wawili wanapewa kipimo cha akili, wote wanapata kiwango cha miaka 8. Kwa karatasi wako sawa. Vygotsky akauliza: ukiwapa msaada kidogo je? Swali la kuwaelekeza, mfano, hatua ya kwanza. Mmoja anafika maswali ya miaka 12, mwingine anakwama kwa ya miaka 9. Ile nafasi kati ya anachofanya peke yake na anachofanya akishikwa mkono, ndio huo ukanda. Sisi tulikuwa na KCPE kuanzia 1985 hadi 2023, na msaada kwenye KCPE uliitwa wizi wa mtihani. Miaka karibu 40 tulipima nusu ya mtoto na kumpangia maisha na hiyo nusu.

Alikufa Juni 1934, akiwa na miaka 37. Miaka miwili baadaye, Julai 1936, Chama cha Kikomunisti kikapiga marufuku pedolojia, ile sayansi ya watoto aliyokuwa anaiandikia. Na hapa historia inakuwa chafu. Moja ya malalamiko ya amri hiyo ilikuwa kwamba watoto wengi mno wanapimwa, wanabandikwa jina, wanasukumwa kwa shule maalum. Lilikuwa lalamiko halali kabisa! Vygotsky mwenyewe hakuviamini vipimo vinavyoishia kwa namba. Lakini waliizika taaluma nzima, na vitabu vyake vikaenda nayo kwa karibu miaka 20. Shule za kutenga zikabaki zimesimama.

Hapa kwetu, Jeshi la Wokovu walianzisha shule ya vipofu Thika mwaka 1946, na imetoa watu wa maana. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inataka mtu mwenye ulemavu apate elimu katika taasisi zilizounganishwa na jamii. Mwaka 2018 ikaja sera. Ila ingia shule nyingi za mtaani uangalie ngazi, uangalie choo, uulize nani hapo anajua lugha ya ishara. Vyuo vya ualimu vilichukua ule ukanda kwa Vygotsky kwa sababu unaulizika kwenye mtihani. Ile sehemu ya ngazi na choo ina bei, kwa hivyo hiyo iliachwa.

Maandishi yake kuhusu watoto hawa yalikuja kukusanywa na kutolewa kama juzuu moja kwa Kirusi mwaka 1983. Mtoto kiziwi aliyekuwa na miaka 8 wakati Vygotsky anaanza hiyo kazi Moscow, kama bado alikuwa hai, alikuwa na miaka 67.