Krenki, beringi na uchumi wetu: historia ninayoiona Kwa Sadala

Nimekaa kimya tangu wiki ya testi, msinifute kwenye listi. Leo nimerudi na historia, ila haina chifu wala mkataba wa Wajerumani. Ni historia ya kipande cha chuma chenye unene unaokaribia sarafu: beringi ya krenki. Wale wa uhandisi mtanisamehe, mimi ni mtu wa historia, lakini likizo iliyopita nilishinda gereji pale Kwa Sadala kwa wiki mbili, na nilichojifunza pale kinajibu swali ambalo darasani tulilizungusha semista nzima: kwa nini nchi yenye mafundi hodari hivi bado inasubiri spea kutoka nje?

Kwa wasiopajua, Kwa Sadala ni pale kwenye barabara ya Moshi-Arusha unapokatia kwenda Masama. Magari yanapanda na ndizi, yanashuka na ndizi, na mlima hauna huruma na injini. Land Rover ya baba mdogo ilianza kugonga. Mlio mzito, unaoongezeka ukikanyaga mafuta kwenye mwinuko. Gari hilo ndilo linalolipa ada za wadogo zangu wawili, kwa hiyo ndani ya nyumba lile suala halikuwa la ufundi tu.

Tuanze na injini yenyewe. Pistoni inakwenda juu na chini, krenki inaugeuza mwendo huo kuwa wa kuzunguka. Krenki imelala kwenye beringi kubwa za bloku, ambazo mafundi wanaziita meini, na kila konrodi imeishika krenki kwa beringi yake, bigi endi. Ajabu ni kwamba injini ikiwa nzima, chuma cha krenki na beringi havigusani kabisa. Katikati kuna utando wa oili.

Hili halikujulikana siku zote. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza, Beauchamp Tower, alikuwa anapima beringi za reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atie oili, akashangaa oili inapanda na kutoka yenyewe. Akaziba na kizibo, kizibo kikaruka. Mwaka 1886 Osborne Reynolds akaeleza kwa hesabu: ekseli ikizunguka inaivuta oili kwenye upenyo mwembamba, presha inapanda, na ekseli inaelea. Ndiyo maana dereva anayelazimisha gia kubwa kwenye mlima, injini ikienda polepole huku imebeba mzigo, anaua beringi. Mzunguko ni mdogo, utando unakuwa mwembamba, vyuma vinaanza kukutana.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1839 Mmarekani Isaac Babbitt alipata hakimiliki ya ubunifu wake wa beringi zenye utandiko wa metali laini. Metali inayobeba jina lake ni mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba. Metali hiyo iliyeyushwa na kumiminwa palepale kwenye injini, kisha fundi akaikwangua kwa mkono. Anapaka rangi ya buluu kwenye krenki, anaizungusha, anaona inapogusa, anakwangua, anarudia. Ford Model T, iliyotengenezwa 1908 hadi 1927, ilikuwa na beringi za kumimina. Fundi mwenye moto, sufuria na subira aliweza kuifufua injini bila kuagiza kitu.

Kuanzia miaka ya 1930 viwanda vikahamia kwenye beringi tunazozijua leo: nusu duara mbili za chuma chembamba, ndani zimepakwa tabaka la metali laini. Unatoa ya zamani, unaweka mpya. Kazi ikawa rahisi na injini zikavumilia zaidi. Lakini wadau, hapa ndipo penye historia: maarifa yalitoka mkononi mwa fundi yakahamia kiwandani, na kiwanda kiko mbali. Tangu hapo, kufufua injini kunahitaji fedha za kigeni.

Unganisha sasa na kwetu. Mwaka 1967 Azimio la Arusha, biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje ikashikwa na mashirika ya umma. Mwaka 1973 mafuta yakapanda bei duniani. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, KNCU ya wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ikiwemo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa na mpaka wa Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Vita ya Kagera 1978 hadi 1979, kisha mafuta yakapanda tena. Fedha za kigeni zikaisha. Beringi ya Land Rover ikawa mali ya magendo, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ukaanza.

Fundi mzee wa pale gereji (shikamoo yake siku zote) alifanya kazi miaka hiyo. Alinisimulia kuwa beringi zikikosekana, watu walipiga tupa kwenye kofia ya beringi ili ibane zaidi, au wakaweka karatasi ya pakiti ya sigara mgongoni mwa beringi iliyokwisha. Gari lilitembea mwezi, miezi miwili. "Tulikuwa tunanunua muda," akasema. Sijapata kusikia maelezo mafupi zaidi ya uchumi wa miaka ile.

Na kuna kejeli moja. Hapo hapo wilayani Hai, miaka ya 1980, serikali kwa msaada wa Bulgaria ilijenga kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, chini ya NDC, cha kutengeneza mashine za kukerezea vyuma. Yaani mama wa viwanda vyote yuko jirani na soko la ndizi! Lakini mwaka 1984 serikali ilikuwa imeruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, 1986 tukasaini na IMF, na bidhaa za nje zikaingia kwa wingi. Miaka ya 1990 kiwanda kikadorora mpaka kikasimama, ingawa baadaye NDC imekuja kukifufua. Spea zikajaa madukani, feki na halisi rafu moja.

Ndiyo maana kuchagua beringi leo ni mtihani. Niliyoyaona ni haya. Kwanza krenki inapimwa kwa maikromita, kila shingo mahali kadhaa, kwa sababu inaweza kuwa imekuwa yai. Ikiwa imeliwa, inasagwa mpaka saizi inayofuata. Kwa magari ya Kiingereza saizi zinakwenda kwa elfu za inchi: kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Kwa Wajapani ni milimita 0.25, 0.50 na kuendelea. Krenki ikisagwa, beringi inakuwa nene zaidi kufidia. Kwa injini nyingi za Toyota ambazo bado ni standadi kuna utaratibu mwingine: namba iliyogongwa kwenye bloku unaijumlisha na iliyogongwa kwenye krenki, jibu ndiyo namba ya beringi.

Kufunga nako kuna adabu yake. Usafi kwanza, chembe moja ya mchanga inatosha kuharibu kazi. Tundu la oili kwenye beringi likae sawa na la bloku. Mgongo wa beringi uwe mkavu. Kofia zirudi pale pale zilipotoka, hazibadilishani. Unalaza kiuzi cha plastiki cha kupimia kwenye shingo kavu, unakaza kwa spana ya toki bila kuzungusha krenki, unafungua, unaangalia kimebanjuka kiasi gani. Nafasi inayotakiwa mara nyingi ni kati ya milimita 0.02 na 0.06, yaani chini ya unene wa unywele wa wengi wetu. Ikibana, oili haipiti. Ikilegea, presha inashuka na mlio unarudi. Mwisho unapaka oili, unakaza kwa hatua, na kila kofia ikikazwa unazungusha krenki kwa mkono kuhakikisha haijakwama.

Krenki ya baba mdogo ilikuwa tayari ishirini. Vipimo vikasema lazima iende thelathini, maana yake imebaki saizi moja tu mbele. Kulikuwa na ushauri wa aina tatu: karatasi mgongoni, injini ya mtumba kutoka Japani, au kusaga. Karatasi fundi mzee mwenyewe aliikataa. Injini ya mtumba bei yake ilikuwa ada ya mwaka. Ikasagwa, tukanunua beringi za thelathini baada ya kuzipima dukani kwa maikromita ya kuazima huku muuza duka amenuna. Gari linapanda Machame.

Mimi naisoma krenki ile kama nyaraka. Kila saizi ni mara moja ambapo familia ilikataa kulitupa gari. Na kila beringi tuliyoifunga ilitoka nje, kutoka 1967 mpaka leo. Mwalimu wangu anasema utegemezi ni dhana. Wadau, utegemezi una kipimo, na unapimika kwa maikromita.

Wenye magari ya kale nyumbani, ulizeni krenki iko saizi gani, halafu mniambie hadithi yake. Nawakilisha. Nakimbilia kipindi cha saa nane.